Sura ya Nne: Mkono wa Kulia Uliolala

Simama kwenye steji yoyote ya bodaboda mjini Suna, omba ruhusa ya mwenye pikipiki, kisha ubane leva ya breki iliyo upande wa kulia wa usukani. Kwa pikipiki nyingi leva hiyo itakuja mpaka iguse mpini, laini, bila upinzani wowote. Waya wake umelegea tangu msimu wa mvua uliopita, au umekatika na hakuna aliyejisumbua kuubadilisha. Ukimuuliza mwenyewe, hatababaika. "Hiyo ya mbele huwa situmii," atasema. "Inamwaga mtu." Na wenzake waliokaa juu ya matangi wakisubiri abiria wataitikia kwa vichwa.

Hivyo sehemu kubwa ya breki za mji huu iko kwenye mguu wa kulia. Mkono wa kulia kazi yake ni gesi tu. Kwa habari ya kusimama, umelala. Unaweza kulala miaka na mwenyewe asijue amekosa nini, mpaka siku atakapokutana na taa nyekundu.

Mji wa Migori, ambao wengi bado wanauita Suna, umekaa kwenye barabara kuu ya A1, ile inayotoka Kisii, ikapita Rongo na Awendo, ikashuka hadi mpakani Isebania. Ni barabara ya malori ya kwenda na kutoka Tanzania, matrekta yaliyobeba miwa ya kiwanda cha sukari cha SONY, Probox zilizojaa watu hadi buti, na ng'ombe wanaovuka kwa wakati wanaoutaka wao. Kwenye njia panda nyingi hakuna taa ya kumwambia mtu asimame au apite. Kinachomsimamisha mwendesha boda ni tuta, mkono wa askari wa trafiki, au ubavu wa lori ambao hauna mjadala. Kwa hiyo akikaribia makutano hapunguzi mwendo kwa nia ya kusimama. Anapunguza ili aone pa kupenya. Anapiga honi, anamtazama dereva wa lori usoni, analegeza gesi, anagusa breki ya mguu kidogo, anapita. Ni ufundi, sikatai. Asiyeuweza hadumu kazini.

Taa haina uso wa kutazamwa. Haijali honi, na haikupishi kwa sababu umemwinulia mtu mkono wa shukrani. Vijana wengi wa Migori na Homa Bay wanaoenda Nairobi kupeleka vifurushi na chakula kwa pikipiki huufikia mji wakiwa waendeshaji hodari, na hodari kweli, kisha wanajikuta Uhuru Highway mbele ya kitu wasichowahi kukifanyia mazoezi: kusimama kabisa, kwenye mstari, kwa sababu ya rangi. Watu wa Nairobi husema boda hawaheshimu taa kwa ujeuri. Ujeuri upo, na tumeuona. Lakini ninavyoamini mimi, wengi wanaopita nyekundu walikwisha kushindwa kusimama kabla hata hawajaamua kutosimama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Kwa mwendo huo unakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukiona taa imegeuka manjano, sekunde nzima inaweza kwisha kabla mkono au mguu haujafanya lolote. Tayari mita 14 zimekwenda. Kuanzia hapo, kwenye lami kavu na matairi yakiwa mazima, anayetumia breki zote mbili vizuri atasimama kwa mita 16 hivi. Anayekanyaga ya nyuma peke yake atahitaji takriban mara mbili yake, mita 32. Jumla: mita 30 kwa yule, mita 46 kwa huyu. Tofauti ni urefu wa trela nzima.

Sasa weka taa ya manjano inayokaa sekunde 3, na mweke kila mmoja mita 44 kutoka kwenye mstari inapowaka. Mwenye breki mbili anasimama na nafasi inabaki. Mwenye breki ya mguu akijaribu kusimama, anaupita mstari kwa mita 2 na kuishia mbele ya magari. Akiamua kupita kwa mwendo uleule, atafika mstarini nyekundu ikiwa imekwisha kuwaka. Hana jibu sahihi. Mwaka 1960 wanasayansi watatu wa kampuni ya General Motors, Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin, walichapisha makala ya hesabu kuhusu taa ya manjano, wakaonyesha kwamba taa iliyopangwa vibaya humtia dereva mahali ambapo hawezi kusimama salama wala kupita kihalali, hata awe mtiifu namna gani. Wao walilaumu muda wa taa. Kwa boda wa Suna mtego huohuo unatengenezwa na waya wa breki uliolegea, hata taa ikiwa imepangwa sawasawa.

Kwa nini breki ya mbele ina nguvu kiasi hicho? Itazame pikipiki kwa ubavu inaposhikwa breki. Shoki za mbele zinazama, mkia unanyanyuka. Uzito wa chombo na wa aliyekipanda unakimbilia gurudumu la mbele na kuligandamiza kwenye lami, na tairi likigandamizwa hushika zaidi. La nyuma linabaki jepesi. Ukilikanyagia breki kwa hofu linafunga, linaanza kuburuta, na tairi linaloburuta limekwisha kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kushika. Pale ndipo mkia unapokwenda upande, na ile alama nyeusi ya mpira inabaki barabarani ikipinda kama aliyeiandika alikuwa mlevi. Kwenye lami, zaidi ya nusu ya kazi ya kusimama, pengine hata asilimia 70, ni ya gurudumu la mbele. Yule anayejivunia kutoligusa anaendesha na theluthi ya breki alizouziwa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1981 Marekani ilitoa ripoti ya mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyechunguza na wenzake ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles, wakizifuata mpaka zilipotokea. Waligundua kwamba waendeshaji wengi walipotishwa walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likafunga, na ya mbele wakaitumia kidogo mno. Makutano ndiyo yaliyoongoza kwa ajali. Muda ambao mwendeshaji wa kawaida alikuwa nao, tangu hatari ionekane hadi mgongano, ulikuwa pungufu kidogo ya sekunde 2. Na katika ajali zilizohusisha gari jingine, mara mbili kati ya tatu mwenye gari ndiye aliyeiingilia njia ya pikipiki. Nimeiweka sentensi hii makusudi kwa ajili ya wenye magari wanaosoma sura hii huku wakitikisa kichwa. Los Angeles si Suna, na pikipiki za kule hazibebi gunia la mahindi. Mguu unaokanyaga kwa hofu, hata hivyo, ni mguu uleule.

Lakini tusiwacheke waendesha boda, kwa sababu hofu yao ina asili. Mtu aliyejifunza kupanda pikipiki kwenye barabara za murram za Nyatike, au kwenye mchanga wa kandokando ya ziwa kule Homa Bay, alifunzwa na ardhi yenyewe. Kwenye kokoto gurudumu la mbele likifunga unaanguka papo hapo, hakuna cha kurekebisha. La nyuma likifunga unayumba, unaachia, unaendelea. Akaokoka kwa mguu, akauamini mguu. Kisha lami ikafika, yeye akabaki na sheria ya murram. Wala hakupita shule yoyote ya kumfundisha tofauti. Serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za injini chini ya cc 250 mwaka 2008, pikipiki ziliingia nchini kwa wingi usiopata kuonekana, na wengi wa waliozipanda walifundishwa na binamu au jirani kwa alasiri moja: hii klachi, hii gesi, hii gia, breki iko mguuni. Somo limeisha, leta abiria.

Na mzigo nao unawapa haki kidogo. Boda wa Suna mara chache yuko peke yake. Ana mama na mtoto nyuma, au abiria wawili ambao sheria inakataza, au kreti za soda. Uzito huo wote uko juu ya gurudumu la nyuma, na gurudumu la nyuma lililokaliwa hushika vizuri zaidi kuliko lilivyo tupu. Mwendeshaji anahisi breki ya mguu inafanya kazi, na hakosei. Asichokihisi ni kwamba uzito huohuo unahitaji mita nyingi zaidi kusimamishwa, na kwamba jioni akirudi peke yake, mguu uliozoea kusukuma kwa nguvu ya mzigo utafunga gurudumu tupu kwenye lami yenye umande.

Kuna dawa ya kiwandani ya ugonjwa huu. India, wanakotengenezea pikipiki za Boxer na TVS, kuanzia Aprili 2019 sheria ilitaka pikipiki mpya ya cc 125 au chini yake iwe angalau na breki zilizounganishwa, yaani ukikanyaga ya mguu ya mbele nayo inashika kwa kiasi chake; na iliyo juu ya hapo iwe na ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisifunge. Nyingi ya zile zinazouzwa kwetu hazina hata kimoja cha hivyo viwili. Tunanunua jina lile lile la pikipiki, pungufu ya kile kitu ambacho kingemfaa zaidi mtu wa Suna kuliko mtu yeyote. Inaniudhi, na sioni sababu ya kuificha.

Mpaka hapo itakapobadilika, dawa iko kwa fundi. Siku moja karibu na soko nilimtazama fundi mmoja mzee akiletewa Boxer na kijana mwenye haraka.

"Jaduong', mzee wangu, nifungie waya ya klachi tu. Nina abiria wa Ombo ananingoja."

Fundi aliibana leva ya mbele mara mbili, ikaja yote. "Na hii?"

"Hiyo iache. Siku zote naenda bila hiyo."

"Wuoda, mwanangu, kaa hapo kwanza."

Hakubishana naye. Alifungua nati ya ekseli, akatoa gurudumu, akaivua sahani ya dramu. Ndani vumbi la kahawia lilikuwa limeshikana. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa maji, hakulipuliza kwa mdomo kama wanavyofanya wengi, na alifanya vyema, maana vumbi la breki si kitu cha kuvuta puani. Zile shuu mbili hazikuwa zimeisha. Zilikuwa na uso unaong'aa, mgumu kama kioo; na kile chuma kinachozisukuma zipanuke kilikuwa kimeshikwa na kutu, hakigeuki. Breki ile ilikuwa mpya iliyokufa kwa kutotumiwa. Akazipiga msasa mpaka uso ukawa mkavu na wa kukwaruza, akalegeza kile chuma kwa grisi kidogo sana, akiiweka mbali na shuu, akarudisha kila kitu. Kisha akawa anakaza nati ya kurekebisha iliyo mwisho wa waya huku akilizungusha gurudumu kwa mkono. Aliposikia linaanza kusugua, akairudisha nyuma kidogo. Leva ikabaki na nafasi ndogo ya kucheza kabla ya kushika.

Kazi yote haikumaliza nusu saa, na jozi ya shuu mpya, kama zingehitajika, haizidi mapato ya siku nzuri. Tatizo ni nani alipe. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Mwenye nayo anangoja hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na breki kwake ni shauri la dereva; dereva naye anasema chombo si chake. Katikati ya hao wawili waya unazidi kulegea. Kama una pikipiki uliyompa kijana wa mtu, lipa breki wewe, tena bila kungoja kuulizwa.

Breki ikishapona, bado mkono haujajua kazi. Hofu ya kumwagwa inatokana na kunyakua leva kwa vidole vyote mara moja: gurudumu la mbele linafunga kabla uzito haujalifikia. Anayejua kukamua ng'ombe analo somo hili mikononi tayari. Vidole havirukii chuchu, vinafunga kwa zamu na kuongeza nguvu. Mguso wa kwanza unaondoa ule mlegezo na kuzamisha shoki. Nguvu halisi inafuata, mara tu uzito ukishafika mbele, na inaweza kuwa kubwa kuliko unavyodhani. Mguu unasaidia kwa wepesi kutoka mwanzo. Usukani unyooke. Breki ya mbele ikibanwa kwa nguvu pikipiki ikiwa imeinama kwenye kona itakumwaga kweli, na hapo steji nzima ina haki. Macho yatazame mbali, si kwenye bampa ya gari la mbele. Gurudumu la mbele likianza kuteleza, achia kidogo na ubane tena. Kwenye murram, rudi kwenye hekima ya zamani: mguu zaidi, mkono kidogo, na mwendo wa chini kuanzia mbali.

Injini nayo ni breki. Wengi wakiona teremko, kama lile la kushukia daraja la Mto Migori, huweka gia free ili kuokoa petroli. Wanachookoa ni matone machache, na wanachokitoa ni ule mvuto wa injini ambao ungewapunguzia mwendo bure. Zile dramu zikibebeshwa teremko lote peke yake zinapata moto, na dramu yenye moto inapungua nguvu pale pale unapoihitaji. Acha gia iingie, shuka nayo moja moja, bana klachi mwishoni kabisa.

Mazoezi yafanyike kwenye kipande cha lami kisicho na watu, alfajiri, kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, breki mbili pamoja, ukisimama kwenye alama uliyoiweka mwenyewe. Ukishazoea, rudia na mtu nyuma. Somo la kofia ngumu lina sura yake mbele, lakini hata kwenye mazoezi haya ivaliwe, na wewe na aliye nyuma.

Tuseme basi umefika kwenye taa, Kisumu au Nairobi au popote zitakapofika kesho, na umesimama. Hatari iliyokuwa mbele sasa imehamia nyuma. Katikati ya njia, pale magari yanaposimama kila siku, kuna mstari mweusi wa oili iliyodondoka. Usiweke mguu hapo, na mvua ikinyesha usishike breki juu yake wala juu ya rangi nyeupe ya kivuko. Simama kidogo upande mmoja, ili anayekuja nyuma na breki mbovu awe na pa kupita badala ya kukupitia wewe. Mguu wa kushoto chini, wa kulia ubaki juu ya breki, kwa sababu ndio unaowasha taa yako ya nyuma. Hapo kuna jambo wengi hawalijui: swichi ya leva ya mkono ikiwa imekufa, unaweza kusimamisha pikipiki kwa mkono bila aliye nyuma kuona nyekundu yoyote. Mwambie abiria atazame siku moja. Gia ya kwanza iwe tayari, klachi imebanwa, jicho kwenye kioo.

Usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa kushoto wa barabara. Naijua ile nafasi inavyovutia. Ndiyo nafasi tunayoishi nayo Suna. Lakini dereva wa lori aliye juu kule hakuoni, na akikata kushoto magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakatiza ndani, hapo hapo ulipo. Baki nyuma yake, mahali unapoweza kuona vioo vyake.

Jua nalo lisisahauliwe. Anayeelekea magharibi jioni, kama anayetoka Suna kwenda Nyatike, linampiga usoni, na taa ya rangi yoyote mbele ya jua hilo inakuwa duara la mwanga tu. Soma magari badala ya taa: kama ya upande wa pili yameanza kutembea, kwako ni nyekundu. Na kama askari amesimama katikati, mkono wake unaishinda taa. Akikuita upite kwenye nyekundu, unapita, ila shingo igeuke kwanza.

Igeuke upande gani? Kulia. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari la kwanza kukufikia unapoingia makutano ni la upande wa kulia. Kijani ikiwaka wenye haraka nyuma yako watapiga honi; waache wapige. Tazama kulia, tazama kushoto, kisha ndipo uachie klachi. Anayekimbiza manjano yuko njiani, na huenda ni boda mwenzako aliyeiona ikiwaka akiwa mita 44 kutoka mstarini, waya wa mbele umelegea, mguu umekanyaga hadi mwisho, mkia unakwenda upande.